Mashimo yanakunywa esanse yetu: tuhesabu kilometa, si lita peke yake

Vijana wenzetu wa Butembo, wa Beni, na ninyi wote mnaotusoma kutoka miji mingine,

Bei ya esanse ikipanda huku kwetu, mambo yanafuatana kwa mstari. Asubuhi kadhafi anabadilisha bei ya chupa yake. Saa sita motari anapandisha kurse. Jioni mama wa soko anapandisha nyanya, na mwanafunzi anarudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake sisi wote tuko ku WhatsApp tunaandika kama Leta imetuacha. Kisha? Kisha hakuna. Tunazoea, mpaka siku ingine ipande tena.

Ninaandika maoni haya juu ninaona katika kelele hiyo yote kuko namba moja inayokosa. Kila mtu anajua lita inauzwa ngapi. Uliza motari, uliza dereva wa taxi-bus, uliza mwenye gari yake: kilometa moja inakugharimu ngapi? Wengi watakuangalia tu. Na mimi ninasema namba hiyo ya pili ndiyo inatukamua, na ndiyo inaweza kutupa nguvu mbele ya wakubwa.

Mtaniuliza: wewe nani kutufundisha? Mimi ni mmoja wa wale wenye diplome ndani ya farde, miaka yangu ni ishirini na kitu, kazi bado. Wenzangu tuliokaa nao ku oditori moja, sehemu kubwa leo wanaendesha pikipiki. Kwetu, mtu akimaliza unif, mlango wa kwanza unaofunguka ni kiti cha taxi-moto, tena cha mtu mwingine, na versema ya kila jioni. Kwa hiyo hesabu ya esanse si mchezo wa shule. Ni hesabu ya chakula, ya nyumba, ya mahari, ya kuamua kama mtu ataendelea ama ataacha.

1. Lita si kilometa

Bei ya lita hatuipangi sisi. Katika inchi yetu inawekwa na Wizara ya Uchumi wa taifa, kwa kufuata kanda: magharibi, mashariki, kusini, kaskazini. Ndani ya bei hiyo kuko bei ya mafuta yakifika mpakani, kuko usafiri, faida ya wauzaji, na kodi za aina nyingi. Na tusisahau: Congo inatoa mafuta ghafi kule Muanda, lakini esanse tunayochoma inatoka nje. Ile ya kwetu inaingia Mombasa, inapita Kenya na Uganda, inavuka Kasindi. Ni zaidi ya 1 500 km kabla ifike ku chupa ya kadhafi. Vita ya Ukraine ilipoanza mwaka 2022, pipa la mafuta lilipita dola 100 ku soko la dunia, na sisi huku tulisikia uchungu wake bila kuulizwa.

Kwa hiyo bei ya lita, kijana mmoja wa Butembo hawezi kuigusa leo ama kesho. Lakini pesa inayotoka mfukoni haitoki kwa lita. Inatoka kwa kilometa. Na kilometa iko na wenyewe watatu: yule anayepanga bei, yule anayetengeneza barabara (ama anayeiacha bila kutengeneza), na yule anayeshika gesi. Wa kwanza na wa pili ni Leta. Wa tatu ni sisi. Ukichanganya hao watatu ndani ya mfuko mmoja, hutajua nani anakula pesa yako.

2. Namna ya kupima, bila mashine yoyote

Hii haiombi fundi wala kompyuta. Inaomba daftari na bik.

Jaza tanki mpaka alama moja unayoiona vizuri, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa usawa. Andika namba ya konteri. Tembea siku yako yote, ama siku mbili. Rudi mahali pale pale, jaza tena mpaka alama ile ile, na uhesabu lita ulizoongeza. Hizo ndizo ulizokunywa. Gawanya kilometa kwa lita: umepata kilometa ngapi lita moja inakupeleka. Kisha gawanya bei ya lita kwa namba hiyo: umepata bei ya kilometa moja. Basi.

Ninajua, konteri mingi zilikufa zamani. Hapo uko na njia mbili. Ama unatumia telefone yenye GPS, ama unatumia barabara unayojua urefu wake: Butembo mpaka Beni ni kilometa 54. Usipime mara moja tu, juu siku ya mvua haifanani na siku ya jua. Pima mara tatu ama ine, uchukue katikati.

Sasa tufanye mfano. Bei ninayoweka hapa ni ya kuhesabia tu, wewe weka ile ya leo kwako. Tuseme lita ni 3 500 FC. Tuseme motari anatembea km 120 kwa siku, anakunywa lita 4. Lita moja inamupeleka km 30. Kilometa moja inamugharimu karibu 117 FC. Kwa siku, esanse ni 14 000 FC. Kumbuka hiyo 14 000, tutaifungua kidogo kidogo tuone ndani yake kuko nini.

Kabla ya kufungua, kuko wizi mudogo wa kuondoa: kipimo. Kama "lita" unayonunua imekosa desilita moja, wewe haulipi 3 500 FC kwa lita. Unalipa karibu 3 890 FC. Kwa "lita" 4 za siku, unapoteza 1 400 FC bila kutembea hata metre moja. Sisemi kila kadhafi ni mwizi. Wengi wao ni vijana kama sisi, hawana kazi ingine, na mara mingi ni wao tu wanaotuokoa station zikifungwa. Ninasema: kuwa na kipimo chako. Chupa ya maji iliyoandikwa lita 1,5 inatosha kwa kulinganisha. Na ukisikia harufu ya petroli ya taa ndani ya esanse, acha. Esanse iliyochanganywa inachafua moteri, na utaendelea kuilipa ku fundi.

3. Kilometa za bure

Hapa ndipo kuko pesa mingi zaidi, na watu hawapaangalii. Ile km 120 ya siku, ngapi ulikuwa na abiria nyuma? Andika kwa wiki moja, utashangaa. Tuseme km 70 abiria alikuwepo, na km 50 ulikuwa unazunguka kumutafuta, ama unarudi mutupu kutoka Katwa. Abiria wanalipa km 70 tu, lakini wewe umenunua esanse ya km 120. Basi kila kilometa iliyolipwa haikugharimu 117 FC. Ilikugharimu 200 FC. Motari anayepanga bei ya kurse kichwani mwake kwa kufikiri 117, anauza kwa hasara na hajui.

Sasa ukipunguza ule mzunguko wa bure kutoka km 50 mpaka km 30, bila kupoteza abiria hata mmoja, siku yako inakuwa km 100. Esanse inashuka mpaka karibu 11 670 FC. Umebakiza zaidi ya 2 300 FC, na haukubadilisha buji wala mkono.

Namna gani? Kusimama ku parking moja yenye foleni ya haki, kila mtu kwa zamu yake, kuliko kukimbizana sisi kwa sisi. Kuwa na wateja wa telefone: mwalimu wa saa moja, mama wa soko wa saa kumi na moja. Kukubali kurse ya kurudi kwa bei ndogo kuliko kurudi mutupu. Hizi si fikra mpya, wazee wa kazi wanazijua. Lakini zinaomba kitu kimoja ambacho mtu peke yake hawezi: kuaminiana. Parking yenye motari 15 ambao wanaheshimu zamu inatumia esanse kidogo kuliko motari 15 ambao kila mmoja anawinda. Huo nao ni uraia. Hauanzii ku maandamano peke yake.

4. Mkono na mashine

Wamarekani wamepima kwa magari yao: kuendesha kwa hasira, kufungua gesi yote kisha kufunga freni kwa nguvu, kunaweza kukula kati ya 10 na 40 kwa mia ya esanse ndani ya mji wenye kusimama-simama. Ni gari, si pikipiki, lakini sababu ni ile ile. Kila mara unafunga freni, unatupa mwendo ulioununua. Kwa hiyo angalia mbali. Ukiona watu wanavuka mbele, achilia gesi mapema, pikipiki ipunguze mwendo yenyewe. Panda vitesi mapema, usiiache moteri ilie ndani ya vitesi ya pili. Na upepo: ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma nyuma mara ine. Ndani ya mji haionekani sana. Ku barabara ya Beni, ukipita 70, utaisikia mfukoni.

Kisha mashine. Gurudumu lisilo na hewa ya kutosha linakokota. Shene kavu inakokota. Freni inayogusa hata haukuikanyaga inakokota. Nyanyua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono: kama linasimama haraka, unaendesha siku nzima na freni imefungwa nusu. Dakika moja ya kuangalia, haiombi pesa.

Filtri ya hewa ni jambo la pekee kwetu juu ya vumbi. Kwa moteri zenye kabureta, kama zile za pikipiki zetu mingi, filtri iliyoziba inaharibu mchanganyiko wa hewa na esanse. Kwa magari ya zamani ya kabureta walipima faida ya kati ya 2 na 6 kwa mia kwa kubadilisha filtri chafu, na mpaka 14 kama imeziba kabisa. Kiangazi, isafishe kila wiki. Na kumbuka mji wetu uko juu, karibu mita 1 700. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito inatia esanse mingi kuliko hewa inayoingia. Toa buji uiangalie: kama ni nyeusi na iko na masizi makavu, unachoma esanse ya bure, mwambie fundi arekebishe. Kama ni ya rangi ya udongo, iko sawa. Kama ni nyeupe, angalisho, moteri inakosa esanse na itaungua.

Wenye gari na taxi-bus, yenu pia: moteri ya gari inayozunguka bila kutembea inakula karibu lita 1 mpaka 2 kwa saa. Kumungojea mtu dakika 20 mbele ya banki moteri ikilia ni karibu nusu lita imekwenda. Kuwasha tena kunakula kidogo sana, kama sekunde 10 za kungoja. Zima.

Lakini kuko "akili" moja ninayoomba tuiache: kuzima moteri ku miteremko ili pikipiki ishuke bure. Butembo ni milima, ninajua mnaifanya. Tuhesabu. Moteri ndogo hivi, hata tukisema inakula desilita 3 kwa saa ikiwa haivuti, mteremko wa dakika mbili ni mililita 10. Ni 35 FC. Kwa 35 FC unaondoa msaada wa moteri ku freni, na nyuma yako umebeba mama na mtoto. Hapana. Vilevile bidoni za esanse chini ya kitanda juu ya uoga wa penuri: tumeona nyumba zinaungua. Na ku barabara ambako watu wanauawa, kama sehemu za Beni–Kasindi, hakuna mtu atakuambia upunguze mwendo juu ya esanse. Uhai kwanza, hesabu nyuma.

Motari anayefuata haya yote, tuseme anapunguza 15 kwa mia. Ukiunganisha na kilometa za bure tulizoondoa, ile 14 000 FC inashuka karibu 9 900 FC. Kwa siku 26 za kazi, ni zaidi ya 100 000 FC kwa mwezi. Hiyo si utajiri. Lakini ni minerval ya mtoto, ama ni mwanzo wa kununua pikipiki yako mwenyewe na kuaga versema.

5. Shimo moja linakunywa ngapi?

Sasa tuingie ku upande wa Leta, juu hapa ndipo hasira yetu inapata namba.

Tuchukue pikipiki na watu wawili, jumla kilo 250, inatembea km 40 kwa saa. Mbele kuko shimo. Unafunga freni mpaka km 10 kwa saa, unapita, unarudi ku 40. Fizikia ya segondari inasema: nguvu ya mwendo inafuata mraba wa mwendo. Kutoka 40 mpaka 10, umepoteza sehemu 15 juu ya 16 ya nguvu uliyokuwa nayo. Imekuwa joto ndani ya freni. Ni karibu kilojuli 14. Ni kidogo? Ngoja. Ili kuirudisha, moteri inachoma esanse, na kwa moteri ndogo tuseme sehemu moja juu ya tano tu ya nguvu ya esanse inafika ku gurudumu. Ingine yote ni joto na moshi. Lita moja ya esanse iko na karibu megajuli 32. Piga hesabu: shimo moja, mililita 2 na kitu.

Mililita mbili ni matone. Lakini mashimo matano kwa kilometa, na kuko mitaa yetu ambako matano ni heshima, ni karibu mililita 11 kwa kila kilometa. Kwa km 120 za siku, ni lita 1,3. Kwa bei yetu ya mfano, ni 4 550 FC. Kwa siku! Rudia kuangalia ile 14 000 tuliyoanza nayo: karibu sehemu moja juu ya tatu haikumupeleka mtu popote. Imeingia ndani ya mashimo.

Kama kwako mashimo ni mawili kwa kilometa, hesabu inashuka karibu 1 900 FC. Sawa, fanya yako. Ninachosema ni kama hesabu inawezekana. Na hapo sijaweka shokoo zinazovunjika, rim zinazopinda, mgongo wa motari, na mama mjamzito anayepelekwa ku hospitali juu ya barabara kama hiyo.

6. Tunalipa mara mbili

Kwa nini ninaita hii mambo ya Leta? Juu barabara tumekwisha kuilipa. Tangu mwaka 2008 kuko sheria iliyounda FONER, mfuko wa taifa wa kutengeneza barabara. Pesa yake inatoka wapi? Inatoka ku peaji, na inatoka ndani ya esanse na mazuti. Maana yake, katika lita ya station kuko franga za barabara. Motari anazilipa kila siku, hata kama hajui. Mama wa soko anazilipa ndani ya bei ya nyanya.

Basi angalia vizuri: unalipa franga za barabara ndani ya lita. Barabara haitengenezwi. Kwa sababu haitengenezwi, unanunua lita ingine ya kulisha mashimo. Na ndani ya lita hiyo ingine, unalipa tena franga za barabara. Mashimo yakiongezeka, unanunua mingi. Ukinunua mingi, mfuko unaingiza mingi. Mimi sikusoma sheria, lakini hesabu hiyo mtoto wa primeri ataona kama haiko sawa.

Mwezi wa sita 2021, wakubwa wa Congo na Uganda walizindua ku mpaka kazi ya barabara za jumla km 223: Kasindi–Beni 80, Beni–Butembo 54, Bunagana–Rutshuru–Goma 89. Barabara kubwa ni vizuri, tunaitaka. Lakini motari wa mji hatembei ku barabara kubwa siku nzima. Anatembea ndani ya quartier, ku potopoto, ku mitaa ambako hakuna rais atakuja kukata kamba.

7. "Unatubebesha mzigo wa Leta"

Kuko wenzetu wa mapambano watasema hivi: kumwambia motari apunguze esanse ni kumfundisha maskini kuvumilia, wakati wenye makosa wako ku ofisi. Ninaheshimu wazo hilo. Hata mimi sipendi wale wanaokuja na semina ya kutuambia "mjiajiri" kisha wanapanda gari yenye vioo vyeusi.

Lakini ninajibu vitu viwili. Cha kwanza: yule motari atakula leo usiku, si siku ile tutashinda. Kumuficha 4 000 FC kwa siku ili hasira yake ibaki kali, huo si upendo. Cha pili: mara ngapi tumefika ku meri na maneno "maisha ni magumu"? Wanatujibu nini? "Tunajua, ni magumu kwa wote." Na wanafunga mlango polepole. Maneno hayo hayana mkia wa kushika. Lakini ukifika na madaftari mia moja, mwezi mzima, yenye kuonyesha mtaa huu unakunywa lita ngapi zaidi kuliko mtaa ule, watakujibu nini? Watabisha namba? Walete zao.

Hesabu haipunguzi hasira. Inaipa anwani.

8. Tunaomba nini, tunafanya nini

Kwa wakubwa, ninapendekeza tuombe mambo manne, na tuyaombe kwa maandishi:

Moja, meri na jimbo watangaze wazi pesa ya FONER inayofika Butembo kila mwaka, na barabara gani imeitumia.

Mbili, bei rasmi ya kanda yetu ibandikwe mbele ya kila station, kwa herufi kubwa, na siku ilipotoka.

Tatu, OCC ipime pompe na vipimo, na matokeo yasomwe ku radio. Kadhafi wasifukuzwe, wapewe kipimo kimoja kinachojulikana.

Ine, commune zote ine za mji zionyeshe parking za moto zilizo rasmi, na motari asikamatwe juu amesimama. Ukimukataza kusimama, unamulazimisha kuzunguka, na kuzunguka ni esanse.

Kwa sisi wenyewe, jambo moja: daftari la siku 30. Mistari mitano tu kila jioni: kilometa zote, kilometa za abiria, lita ulizotia, pesa uliyolipa, na mitaa mibaya uliyopita. Kama haujui kuandika vizuri, mdogo wako wa segondari akuandikie. Kama uko na diplome na unakaa nyumbani kama mimi, kazi iko hapa: chukua motari watano wa parking yako, uwasaidie kuhesabu. Hatutalipwa, ninajua. Lakini miaka ile yote ya unif tulisoma takwimu, tukaziacha ku sylabi. Zitumike sasa.

Mwisho wa mwezi, kila quartier ijumlishe yake, tukutane na karatasi mkononi. Kama hesabu yangu ya shimo ni kubwa kuliko ukweli, madaftari yatasema, na tutarekebisha mbele ya watu. Kama ni ndogo kuliko ukweli, wakubwa watakuwa na la kujibu.

Anza kesho asubuhi, kabla ya kurse ya kwanza. Jaza mpaka alama. Andika namba.